Mtoto akilala, wewe unalala?

Nilipojifungua mtoto wangu wa tatu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kitanda cha kando yangu materniti alilala binti wa miaka 17 hivi, ametoka upande wa Walungu, anasema Mashi tu, lugha ya huko. Muuguzi alipita na karatasi ya maswali kumi kuhusu hali ya moyo na mawazo ya mama. Kwangu aliyasoma kwa Kifaransa, nikajibu mwenyewe. Kwa yule binti, mkalimani alikuwa mama mkwe wake. Kila swali likiulizwa, binti anatazama shuka, na mama mkwe anajibu papo hapo bila hata kumgeukia: "Hana shida. Anakula, analala." Muuguzi akaandika sifuri mpaka chini ya karatasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemsikia akilia, kitenge amekibana mdomoni asituamshe.

Wiki sita baadaye nilianguka mimi. Nilimnyonyesha mtoto huku natazama ukuta, sina machozi wala furaha, nikaanza kuamini kwamba watoto wangu wangelelewa vizuri zaidi bila mimi. Dada yangu anafahamiana na muuguzi wa afya ya akili. Alinishika mkono tukaenda. Nilisikilizwa kwa miezi minne, nikapona. Lakini najua kilichoniponya: Kifaransa, nauli, na dada anayejuana na watu. Yule binti alirudi kwao na sifuri zake.

Ndiyo sababu nilikubali kuwa reko, mhamasishaji wa afya wa mtaa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Wapo kila mtaa. Tunaowaona ni wale wanaojua kujieleza.

Kwa hiyo, wauguzi na mareko wenzangu, anzeni na mkalimani. Asiwe mama mkwe, asiwe bwana, asiwe mtoto mkubwa wa nyumbani. Tafuta mwanamke mwingine anayejua lugha hiyo na asiye wa ukoo, halafu watume ndugu zake wakalete uji. Maswali yale kumi yalitungwa Scotland, yakachapishwa mwaka 1987, na la mwisho linauliza kama mama amefikiri kujidhuru. Nani atalijibu hilo mbele ya mama wa mume wake?

Na neno lenyewe "huzuni" mara nyingi halifungui mlango. Ukimuuliza mama kama ana huzuni atakuambia hapana, ni mawazo tu, au kichwa kinazunguka, au moyo unapiga. Mimi huuliza hivi: mtoto akilala, wewe unalala? Chakula kinapita? Kisha nanyamaza. Kunyamaza huko kulinichukua muda kujifunza, maana sisi watu wa afya tunapenda kujaza ukimya kwa mashauri. Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida na huisha yenyewe. Yakipita wiki mbili, au mama akikosa nguvu hata ya kunawa uso, usingoje tena. Dawa ambazo mama anaweza kumeza huku ananyonyesha zipo. Daktari ndiye atakayechagua.

Anayeachwa peke yake kuliko wote ni mama aliyefiwa na mtoto. Nimewakuta wamelazwa katikati ya watoto wa wenzao wanaolia, kwa kuwa hakuna chumba kingine. Basi msogeze kitanda, hata kama ni mpaka pembeni tu, weka pazia la kitenge. Muulize jina la mtoto na ulitaje. Na umwambie kabla hajatoka: maziwa yatakuja. Mama mmoja wa Kadutu alishtuka siku ya tatu, blauzi imelowa, akadhani ni laana. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwili haujui kuwa mtoto hayupo. Kitambaa cha maji baridi, sidiria inayoshika vizuri, kutoyakamua matiti mpaka yawe matupu: ni dakika tano za maelezo.

Mama kiziwi, mtazame yeye usoni, si bwana yake. Aliyezuiwa wodini kwa deni, mpitie kila siku kama wengine. Msichana aliyebakwa, usimuulize habari za baba wa mtoto mbele ya wodi nzima. Mji wetu una hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, ambako tiba, ushauri wa moyo, msaada wa sheria na riziki huenda pamoja. Tusiseme hatujui inavyofanyika.

Mama asiyelala siku kadhaa na wala hachoki, anayesikia sauti, anayesema mtoto huyu si wake: huyo ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Tuna Sosame, kituo cha magonjwa ya akili. Nimesikia watu wakilitamka jina hilo kama tusi, na tusi hilo limewachelewesha wagonjwa.

Msiseme pia kwamba hatuna wanasaikolojia wa kutosha. Kule vijijini Pakistani, wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake wasio na digrii ya saikolojia, walifundishwa kuwasikiliza akina mama nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: baada ya miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa wasiopata huduma hiyo.

Nami nina kosa langu. Mama mmoja wa Bagira aliacha kuja wiki ya pili, nikaandika "hakuja". Baadaye nikajua alikuwa anatembea kwa miguu, mshono wa upasuaji haujapona, mtoto mgongoni, kwa kuwa hana pesa ya moto, yaani pikipiki. Sikuwa nimemuuliza nauli. Sasa naenda mimi, siku ya likirimba yao, kikundi chao cha kuchangiana pesa, wenzake wakishaondoka. Tunakaa nyuma ya nyumba, yeye anachambua maharage, na anaongea akitazama sinia.