Kuteua kikosi cha taifa cha raga: anza na nambari 3

Kocha wa klabu ana msimu mzima wa kufundisha. Kocha wa timu ya taifa mara nyingi anakabidhiwa wachezaji wiki mbili tu kabla ya mechi ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaita wote waliong'ara kwenye ligi, kisha ndiyo wanaanza kutafuta namna ya kuwachezesha pamoja. Kambi inakwisha bado wanatafuta.

Amua mtindo kabla ya kuandika jina hata moja. Ukitaka mateke ya juu na presha, unahitaji nambari 9 (anayeupokea mpira kutoka kwa mafowadi, yaani wachezaji 1 hadi 8) anayeweza kuuweka mpira hewani kwa sekunde 4 hivi, utue mita 20 hadi 25 mbele. Ukitua mita 35, winga wako hajafika, na fulbeki wa wapinzani ana nafasi ya kukimbia. Ukitaka pasi nyingi, raki zako (pale wachezaji wanapogombea mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa) zitoe mpira ndani ya sekunde 3, kwa hiyo tafuta mafowadi wepesi wa kufika, hata kama skramu (mafowadi wa pande mbili wakisukumana kugombea mpira) itapoteza kilo kadhaa. Flanka (nambari 6 au 7) wa mtindo mmoja na nambari 9 wa mtindo mwingine hawatafaana, hata wawe hodari namna gani.

Sasa majina, na la kwanza liwe la nambari 3, propu wa kulia. Kwenye skramu kichwa chake kinaingia kati ya propu (nambari 1) na huka (nambari 2) wa wapinzani, mabega yote mawili yamebanwa. Nambari 1 ana upande mmoja ulio huru. Ndiyo maana kumhamisha nambari 1 mzuri kwenda upande wa pili "kwa leo tu" huishia kwa penalti. Wapinzani wanaupiga mpira nje, wanapata lainauti (mpira unaorushwa kutoka nje kati ya mistari miwili ya wachezaji) karibu na laini yako ya goli, na winga mliyebishania juma zima anakaa dakika kumi bila kuugusa.

Halafu benchi. Kikosi cha mechi ni watu 23, na kati yao lazima sita wawe na uwezo wa kucheza safu ya mbele (nambari 1, 2 na 3). Hivyo viti vitatu kati ya vinane vya akiba vimeshachukuliwa. Unapanga vitano tu. Mgawanyo wa kawaida wa vyote vinane ni mafowadi watano na mabeki (nambari 9 hadi 15) watatu. Afrika Kusini, kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2023, waliweka mafowadi saba na beki mmoja, Willie le Roux, tena bila nambari 9 wa akiba. Walishinda 12-11, na tangu hapo kila kocha anatamani kuiga. Lakini tazama kilichotokea mwanzoni mwa mechi ile: huka Bongi Mbonambi aliumia, akaingia Deon Fourie, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amecheza zaidi kama flanka, na lainauti zao zikasumbuka. Benchi la namna hiyo linawezekana tu ukiwa na watu wanaomudu nafasi mbili kwa kiwango cha kimataifa. Kama huna, baki na 5-3.

Takwimu za klabu zisomwe kwa uangalifu. Propu mwenye asilimia 95 ya kukaba huenda amekaba watu wachache tu. Chukua video, mfuate mchezaji mmoja kati ya dakika ya 60 na 70, na usiutazame mpira. Akishakaba, anachukua muda gani kusimama? Anarudi kwenye mstari wa ulinzi au anatembea akishika kiuno? Dakika hizo kumi, kwa maoni yangu, zina thamani kuliko jedwali zima.

Pale viwango vinapokaribiana, chukua wanaochezea klabu moja, hasa 9 na 10, 12 na 13, na huka pamoja na loku (nambari 4 au 5) ambaye huka humrushia mpira kwenye lainauti. Ayalandi wamenufaika sana na wachezaji wengi wa Leinster kwa sababu hiyo: wanafika kambini wanajuana tayari. Lainauti usizidishe miito minane (maneno ya siri ya kusema nani atarushiwa). Kocha anayeleta ishirini atasikia huka akiuliza "ipi?" refa akiwa tayari anasubiri.

Kuacha mchezaji ni kazi ya kocha mkuu, si ya meneja wala ya ujumbe wa simu. Mwambie ana kwa ana kabla orodha haijatoka, umpe sababu moja inayopimika, kwa mfano "unachelewa kufika raki ya pili". Maneno kama "endelea kujituma" hayamsaidii kitu. Walio kambini lakini nje ya 23 wape kazi maalumu: wacheze kama wapinzani wa Jumamosi, kwa miito na mipangilio yao, kuanzia mazoezi ya Jumanne. Wasipopewa kazi, manung'uniko huanza kwao, na ifikapo Alhamisi yameshafika kwa wale wanaocheza.