Iambie kompyuta ukweli kuhusu meza yako: ushauri kwa karani mpya

Vijana wanaoanza kazi za ukarani katika ofisi za hapa Kisumu, wakiwamo wanaokuja kwa mafunzo kazini kutoka vyuoni, mara nyingi hukabidhiwa kompyuta ya mezani yenye monita mbili zilizopangwa na mtu mwingine, kwa macho yake na kwa kazi yake. Wengi huanza kuingiza takwimu papo hapo bila kugusa chochote, kwa kuogopa kuharibu mali ya ofisi. Nimewafundisha makarani kazi hii kwa muda mrefu, na jambo ninalowahimiza kabla ya mengine yote ni kwamba kompyuta haiioni meza yako. Haijui monita ipi iko kushoto na ipi iko kulia, wala haijui umbali wa macho yako kutoka kwenye kioo. Inakisia tu, na ni juu yako kuiambia ukweli.

Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Ukibadilisha rizolusheni, yaani idadi ya nukta zinazounda picha, Windows hukuuliza kama ungependa kuyahifadhi mabadiliko, na usipojibu ndani ya sekunde 15 huirudisha hali ya awali yenyewe. Kwa hiyo hata skrini ikiwa nyeusi kabisa, usikimbilie kuchomoa waya wa umeme. Ondoa mikono kwenye kibodi usubiri.

Anza na meza yenyewe. Kisumu iko karibu sana na ikweta, hivyo jua letu huzama upande wa magharibi bila kuhama sana mwaka mzima, na dirisha linalotazama ghuba ya Winam litakusumbua alasiri za kila mwezi. Monita ikilielekea dirisha hilo, kioo kitaakisi mwanga usione maandishi. Ukikaa wewe ukilitazama dirisha, mwanga utakupiga machoni. Igeuze meza ili dirisha liwe ubavuni mwako. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Anayevaa miwani ya kusomea na kuonea mbali kwa pamoja aishushe zaidi, la sivyo atakuwa akiinua kidevu siku nzima na shingo itamuuma. Kuhusu mwangaza, shika karatasi nyeupe kando ya skrini, kisha punguza au ongeza mpaka weupe wa vyote viwili ukaribiane. Kwa mtu anayesoma fomu za karatasi na kuandika kwenye kompyuta, hatua hii ndogo huyapumzisha macho kuliko anavyodhani.

Sasa tuingie ndani. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, uingie katika mipangilio ya skrini. Hapa ndipo ninapoona kosa linalorudiwa zaidi: mtu akiona herufi ni ndogo, hupunguza rizolusheni. Herufi hukua kweli, lakini huwa na ukungu, kwa sababu kioo cha monita kina idadi yake maalumu ya nukta zisizoongezeka wala kupungua. Monita ya inchi 22 yenye nukta 1920 kwa 1080 ikilazimishwa kuonyesha 1280 kwa 720, kila nukta ya picha inabidi isambazwe juu ya nukta moja na nusu za kioo, na hakuna nusu nukta. Iache rizolusheni katika kiwango ambacho Windows imekiwekea alama ya kupendekezwa, kisha ongeza kiwango cha ukuzaji kutoka asilimia 100 hadi 125 au 150. Herufi zitakuwa kubwa na safi kwa pamoja. Ikiwa shida yako ni ukurasa mmoja tu wa intaneti, shikilia Ctrl na uzungushe gurudumu la kipanya. Hakuna haja ya kubadilisha kompyuta nzima.

Katika ofisi nyingi monita mbili hazifanani, maana zilinunuliwa zikiwa zimetumika. Utakuta moja ya inchi 19 yenye umbo la karibu mraba, nukta 1280 kwa 1024, na nyingine pana ya inchi 22. Usizitumie kwa mtindo wa kurudufisha, ambapo zote mbili zinaonyesha picha moja, kwani kompyuta italazimika kuchagua rizolusheni ambayo zote zinaiweza na angalau moja itaumia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kupanua, ili kila moja iwe na eneo lake.

Baada ya hapo, kwenye mipangilio ileile utaona mistatili miwili yenye namba, na namba hizo zinaweza kuonyeshwa kwenye monita zenyewe ili uitambue kila moja. Iburute mistatili hiyo ikae kama monita zilivyo mezani, na usiishie kwenye kushoto na kulia tu. Mstatili mmoja ukiwa juu kuliko mwenzake, mshale unaweza kukwama kwenye kona unapojaribu kuvuka, kwa sababu kwa kawaida kuvuka kunawezekana pale kingo zinapogusana. Nimeona makarani wakilaumu kipanya na kuomba kingine, ilhali ni mistatili iliyokuwa imepishana. Kisha chagua monita iliyo mbele ya kifua chako kuwa ndiyo kuu. Mimi huweka jedwali ninalojaza kwenye monita kuu na fomu iliyoskaniwa kwenye ya pembeni, kwani macho hukaa muda mrefu zaidi pale unapoandika.

Siku moja utafungua programu usione dirisha lake popote, ingawa jina lake liko kwenye upau wa chini. Mara nyingi limefunguka kwenye eneo la monita ambayo haipo tena. Lichague kwa Alt na Tab, kisha bonyeza Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia. Litarukia monita nyingine. Windows na mshale, bila Shift, hulibandika dirisha kwenye nusu ya skrini, na ndivyo unavyoweza kuweka mawili kando kwa kando ukiwa na monita moja tu.

Kuhusu nyaya nitasema machache. Waya wa VGA, ule wa zamani wa kuunganisha monita na kompyuta, wenye pini 15 na uliokuwapo tangu 1987, bado unafanya kazi, ila picha ikisogea upande, bonyeza kitufe cha kujirekebisha kilicho kwenye monita. Adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, ambazo ni aina mbili mpya zaidi za tundu la waya wa picha, kwa kawaida haifanyi kazi kinyumenyume, basi ukiingia duka la vifaa katika Oginga Odinga Street mweleze muuzaji upande upi ni wa kompyuta na upi ni wa monita kabla ya kulipa.

Na kwa kuwa stima hupotea, angalia nyuma ya UPS, kile kifaa chenye betri kinachoiendeleza kompyuta kwa muda umeme ukikatika. Nyingi zina matundu yenye betri na mengine yanayokinga tu dhidi ya umeme unaoruka. Kompyuta ikiwa kwenye betri na monita haiko, utabaki na mashine inayofanya kazi gizani, usiweze kuhifadhi ulichoandika kwa kuona. Chomeka angalau monita kuu upande wa betri. Monita ya DisplayPort iliyozimika kwa kukosa umeme, mara nyingi kompyuta huihesabu kuwa imeng'olewa na kuhamishia madirisha yake yote kwenye ile iliyobaki. Windows 11 ina chaguo la kuyakumbuka mahali pake ili yarudi monita ikiwaka. Kwenye toleo la 10 utayarudisha mwenyewe, kwa vitufe vilevile vitatu nilivyovitaja hapo juu.