Jibu: Kwa nini mkanda mpya wa rangi huingia sokoni ukiwa na kasoro

Ndugu aliyefungua uzi huu ameuliza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini mkanda wa Harman Phoenix 200 (filamu ya kamera ya picha za rangi) aliouagiza umempa picha zenye mng'ao mwekundu kuzunguka taa, rangi zisizoeleweka, pamoja na nyuso zilizozama kwenye kivuli. La pili ni kwa nini viwanda havigombanii kutoa mikanda mipya ya rangi, ilhali vijana wanarudi kwenye kamera za zamani. Nimefanya kazi ya kusafisha picha hapa Moshi tangu enzi za minilabu (mashine za studio za kusafisha na kuchapisha picha), na hadi leo nasafisha mikanda michache inayoletwa na wapigapicha wa mjini, wa Arusha, na mara nyingine watalii walioshuka mlimani. Kwa maoni yangu maswali hayo mawili yana jibu moja: mkanda wa rangi haukamiliki ndani ya maabara ya kiwanda, hukamilishwa kwa fedha za wale walionunua toleo la kwanza, na viwanda vilivyo tayari kuonekana hadharani na kazi isiyokamilika ni vichache mno.

Ili kuelewa kasoro alizoziona, ni lazima tuangalie kilichomo ndani ya mkanda. Mkanda wa nyeusi na nyeupe unaweza kutengenezwa kwa tabaka moja au mawili ya jelatini yenye chembe za chumvi ya madini ya fedha. Mkanda wa rangi unahitaji angalau makundi matatu ya tabaka: la juu linalohisi mwanga wa bluu, la kati linalohisi kijani, na la chini linalohisi nyekundu, huku kichujio cha manjano kikiwa kati ya la juu na la kati ili bluu isipenye kwenda chini. Kila kundi kwa kawaida hugawanywa tena kuwa tabaka lenye kasi kubwa, yaani linalohisi hata mwanga hafifu, na lenye kasi ndogo, kwa hiyo mkanda mzuri huwa na tabaka zaidi ya kumi, zote zikiwa nyembamba kuliko unywele zikiunganishwa pamoja. Ndani ya kila tabaka kuna kemikali zinazozaa rangi wakati wa kusafishwa, na kemikali hizo hazitakiwi kuhamia kwa jirani. Ukirekebisha tabaka la kijani, la nyekundu nalo hubadilika, kwa sababu mwanga na dawa vyote hupitia hapo. Tena yote hufanyika gizani kabisa, kwani mkanda wa rangi hauvumilii hata ile taa nyekundu tuliyoizoea kwenye chumba cha kusafishia picha za nyeusi na nyeupe.

Sasa huo mng'ao mwekundu. Mwanga mkali wa taa hupenya tabaka zote, ukagonga mgongo wa mkanda na kurudi. Mkanda uliokomaa huwa na tabaka la kuunyonya mwanga huo. Kinga hiyo ikiwa dhaifu, mwanga unaorudi hukutana kwanza na tabaka la nyekundu, kwa kuwa ndilo lililo chini. Ndiyo maana duara linalotokea ni jekundu na si la bluu. Phoenix ilipotoka Desemba 2023, Harman, ambao ndio watengenezaji wa mikanda ya Ilford huko Mobberley, Uingereza, hawakuificha hali hiyo. Walieleza kwamba huo ndio mwanzo wao katika rangi, na kwamba mauzo yangewasaidia kuendelea na utafiti.

Kuhusu rangi zisizoeleweka, hapo nadhani sehemu kubwa ya lawama ni ya mashine na si ya mkanda. Negativu (mikanda iliyokwisha kusafishwa) tulizozizoea zina rangi ya machungwa mwili mzima. Rangi hiyo iliwekwa makusudi, kwa kuwa wino wa samawati na wa zambarau nyekundu unaozaliwa ndani ya mkanda hunyonya pia mwanga usiowahusu, na ule umachungwa husahihisha kosa hilo wakati wa kuchapisha. Phoenix haina umachungwa huo. Minilabu na skana nyingi zilitengenezwa zikitarajia kuukuta, kwa hiyo zikipewa negativu isiyo nao, huondoa kitu ambacho hakipo na kuleta picha yenye rangi za ajabu. Katika studio niliyofanyia kazi, kila aina ya mkanda ilikuwa na chaneli yake, yaani mpangilio wake wa rangi, kwenye mashine, Kodak mbali, Fuji mbali, Konica mbali, na fundi aliyechagua chaneli isiyo yake alijua mara moja kwa kuona ngozi za watu. Mkanda mpya unaingia duniani bila chaneli ya kuupokea.

Kuna mtihani mwingine ambao sisi wa huku tunaujua kuliko watengenezaji. Harusi ya saa saba mchana, bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe, jua la mwinuko wa Kilimanjaro likiwa utosini. Mkanda wenye uvumilivu mdogo wa mwanga utahifadhi gauni na kupoteza uso, au kinyume chake. Kwa miongo mingi maabara za Magharibi zilipimia rangi kwa zile kadi maarufu zilizoitwa za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na mafundi wa studio za Afrika walibaki wakisahihisha kwa mkono. Toleo la kwanza la Phoenix lina tofauti kali sana kati ya giza na mwanga, na kwa ngozi zetu hilo ni tatizo kubwa kuliko mng'ao wa taa.

Nije kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kiwanda hakitengenezi mkanda mmoja mmoja. Hupaka jelatini kwenye roli moja lenye upana unaozidi mita moja na urefu unaozidi kilomita moja, kisha hulikata. Jaribio moja likiharibika, ni makumi ya maelfu ya mikanda yaliyoharibika. Tena kemikali nyingine hununuliwa kwa kiwango ambacho msambazaji hakubali kukipunguza, au msambazaji mwenyewe ameshafunga. Kodak walitangaza kurudisha Ektachrome Januari 2017, mkanda waliowahi kuutengeneza wenyewe kwa miongo mingi, lakini haukufika madukani hadi Septemba 2018. Ferrania ya Italia ilichangisha zaidi ya dola 300,000 mwaka 2014 kwa ahadi ya mkanda wa slaidi za rangi (picha angavu za kumulikwa kwenye projekta). Kilichotangulia kutoka, mwaka 2017, ni P30 ya nyeusi na nyeupe. Waliochukua kiwanda cha Polaroid, cha picha za papo hapo, kule Enschede, Uholanzi, baada ya uzalishaji kusimama mwaka 2008, walilazimika kubuni upya kemikali nzima, na picha zao za mwanzo zilitakiwa kufichwa mwanga mara tu zikitoka kwenye kamera.

Pia mkanda mpya hauna budi kukubali C-41, utaratibu wa dawa uliopo tangu 1972, wenye joto la takriban nyuzi 38. Kodachrome, mkanda wa zamani wa slaidi wa Kodak, ilikuwa na utaratibu wake peke yake, na maabara ya mwisho duniani, iliyopo Parsons, Kansas, iliacha kuisafisha mwishoni mwa 2010. Hapa Moshi hata hiyo C-41 ya kawaida ni kazi: dawa huchakaa kabla mikanda haijafika ya kutosha, na umeme ukikatika katikati ya dakika tatu na robo za dawa ya kwanza, joto hushuka na rangi zote huyumba.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiwa bado na Phoenix ya kwanza, weka kipimo cha kasi ya mkanda (ISO) kwenye kamera kuwa 125 badala ya 200, epuka jua la mchana kwa picha za watu, na mwombe anayekusafishia askani bila masahihisho ya mashine, kisha urekebishe rangi mwenyewe. Toleo la pili, Phoenix II, lilitoka mwaka 2025 likiwa na chembe laini zaidi na mng'ao uliopungua. Ukipata la kuagiza, agiza hilo.