Homa ya mama haikomi: apimwe upya

Pole sana, mdogo wangu. Unasema mama hapo Ujiji amemaliza dozi mbili za malaria na moja ya taifodi ndani ya mwezi mmoja, lakini homa ya jioni inamrudia, anakohoa na amekonda. Nakusihi, usinunue dozi ya nne dukani.

Je, malaria ilionekana kwenye kipimo, au walikisia tu? Halafu hiyo Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Inapima askari wa mwili, si kidudu chenyewe, na askari hao huweza kubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mtu kupona. Widal moja haitoshi kusema ni taifodi. Baba yangu mdogo alitibiwa taifodi mara tatu kwenye zahanati moja, kumbe ni TB. Mapafu yake hayakurudi kama zamani. Bado inaniuma.

Mpeleke hospitali ya Maweni kesho. Beba vyeti na maboksi ya dawa zote, mweleze daktari kikohozi kilianza lini, kama anatoka jasho usiku, amepungua kilo ngapi. Ombeni makohozi yapimwe. Kipimo na dawa za TB hospitali za serikali ni bure. Akitema damu au akihema kwa shida, msingoje kukuche.