Maswali na Majibu: Vijito vya Delta ya Rufiji

Tulipita kwa mtumbwi kwenye mkono mdogo wa Rufiji. Asubuhi maji yalikwenda baharini, mchana yakarudi bara. Huu ni mto wa namna gani?

Ni mto unaosikiliza mwezi. Bahari ikijaa, huyarudisha maji nyuma kwa takriban saa sita, ikipwa, huyaachia. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Palipoelea jahazi asubuhi, mchana unakuta tope na kaa wanaokimbilia mashimoni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo. Kabla ya kushika pondo, hesabu kwanza siku za mwezi.

Kama bahari inaingia hivyo, mpunga unastawije deltani?

Maji ya chumvi ni mazito, hupenya chini kama kabari. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hukaa juu. Mto ukiwa na nguvu, bahari inayojaa huyainua maji hayo baridi hadi mashambani. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda na mpunga huungua. Kwa hiyo mkulima wa delta anaitegemea mvua inayonyesha mbali sana na shamba lake, na jambo hilo halisemwi vya kutosha.

Mikoko yote si mti mmoja?

Hata kidogo. Mlilana husimama mbele, ukipigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe utaujua kwa mizizi yake iliyopinda kama miguu ya kaa. Msikundazi hupenda upande wa bara, maji baridi yanakofika. Ninaoupenda zaidi ni mchu: chuma jani lake siku ya jua kali, upitishe kidole juu yake, urambe. Ni chumvi tupu, mti umeitoa jasho.

Meli ya kivita ya Wajerumani ilijifichaje humo?

Königsberg iliingia mwaka 1914. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, kwa sababu mafungu ya mchanga yameziba milango ya mto. Ilibidi ziletwe meli ndogo, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito na zisizohitaji hata mita 2 za maji. Zilipita mlango wa Kikunja, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamizwa.

Ramani ya zamani inafaa kusafiria?

Kwa majina, ndiyo. Kwa kina, hapana: mafuriko huhamisha mchanga. Mchukue mvuvi wa hapo.