Muulize Anti: Asubuhi naamka nshachoka

SWALI: Anti shkamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, nakaa Mbagala, nauza vifaa vya simu kwenye duka la mtu Kariakoo. Siumwi, madeni ni ya kawaida, sijaachwa, lakini asubuhi nikifungua macho tu moyo mzito kama nimetwishwa gunia. Kabla sijatoka kitandani nshaangalia stetasi za watu nusu saa nzima, nikitoka hapo ndo kabisa. Nimejaribu yale ya mitandaoni, kuamka saa kumi alfajiri, kujogi, maji ya ndimu, kuandika vitu kumi vya kushukuru, siku ya nne nikapitiwa na usingizi basi nikaacha vyote. Mshkaji wangu anasema ni uvivu na mawazo ya kukosa mchumba. Kuna kitu kidogo cha kila siku kinaweza kunichangamsha, kisichotaka hela?
Msomaji wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mshkaji mwambie Anti kasema apumzike kidogo.

We si mvivu, we umeanzisha miradi minne kwa mpigo, tena asubuhi, saa ambayo chaji yako iko chini kuliko saa zote. Mtu hata mguu kuutoa kitandani ni kazi afu unamtaka akimbie mpaka Zakhem na kurudi? Ingenishinda hata mimi. Na kuna kitu wengi tunakosea, tunasubiri tujisikie vizuri ndo tufanye, kumbe mara nyingi unafanya kwanza hivyohivyo umenuna, kujisikia kunakuja nyuma polepole. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, toka miaka ya 1970 alikuwa anaeleza kwamba mtu akizama kwenye huzuni anaacha vile vitu vidogo vilivyokuwa vinampa raha, na akiviacha huzuni inazidi, inazidi anaacha na vingine, ndo duara lenyewe hilo. Tiba iliyotokana na hapo ni kurudisha kimoja kimoja hata kama hamu haipo.

Ngoja nikupe yangu. Kuna mwaka niliachishwa kazi, nikakaa ndani wiki mbili na dera lilelile, yani hata dirisha sifungui. Jirani yangu, mama mmoja wa maneno mengi lakini ana roho nzuri, akaniletea dumu la lita 20 limekatwa katikati, udongo ndani, mbegu za mchicha tayari kashamwaga, akasema sikupi kazi, ukimaliza kupiga mswaki maji yatakayobaki kwenye kopo mwagia humu. Basi, nikafanya ili asiniseme. Siku ya nne natoka na kopo langu nakuta vijani viwili viwili vimetokeza, vidogo kama kucha ya mtoto, nikachuchumaa pale povu bado mdomoni, sijui nilikaa dakika ngapi, jua likanipata mgongoni na ndo nikagundua sijapigwa na jua la asubuhi toka siku ya barua. Wiki ya nne nilikula mchicha wangu na ugali, kazi bado sina, ila nilikuwa naoga kabla ya saa nne.

Ukiangalia vizuri kilichonisaidia pale si mchicha peke yake. Kwanza ni mswaki. Kitu kipya kilining'inizwa kwenye kitu ninachofanya bila kuwaza, sikuhitaji kukumbuka wala kujipa moyo. Pili ni mwanga. Mwanga wa nje asubuhi ukiingia machoni unaiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, usiku nao usingizi unakuja kwa wakati wake, na nje hata mawingu yakiwepo kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa taa ya chumbani. We unaamka gizani, unamulikwa na simu, unaingia dukani ndani ndani huko, jua unalionea wapi?

Kwaiyo mwanangu chagua KIMOJA, sio vyote tena. Kama ningekuchagulia mimi ningeanza na simu, usiku ichajie mbali na mkono, juu ya kabati au karibu na mlango, alamu ikilia itabidi usimame, na ukishasimama toka nayo nje ukanywee chai kibarazani, stetasi baada ya kikombe kuisha. Hiyo ikizoeleka, ndo ufikirie kushuka kituo kimoja kabla utembee. Kuongea na kioo eti mimi ni mshindi siwezi kukushauri, labda wengine inawasaidia, mimi nilijaribu nikacheka.

Na hilo la siku ya nne limeniuma. Kule University College London, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja dogo la kila siku, kula tunda, kunywa maji, vitu vya namna hiyo, wakaja kuandika mwaka 2010 kwamba mazoea yanachukua wastani wa siku 66, wengine 18, wengine makadirio yalifika 254. Kwaiyo zile siku 21 wanazosema mitandaoni kwamba zinatosha kujenga mazoea zisikutishe. Na waliona ukiruka siku moja hakuharibiki kitu. Umelala? Kesho chai kibarazani, maisha yanaendelea.

Neno la mshkaji wako, "mawazo", silidharau. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, ni kuwaza kupitiliza, na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza na mabibi wa Harare, akawafundisha kuwasikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Bibi hakupi hotuba, anakusikiliza ukimwage kilichopo, mnachagua tatizo moja, unaondoka na hatua moja ndogo ya kufanya. Mpango ulikuja kufika hadi Zanzibar. We bibi yako ni nani? Hata muuza kahawa wa hapo mtaani, mradi akusikilize.

Ila nisikilize hapa. Ikiwa huo uzito unashinda nao kutwa, karibu kila siku, wiki mbili na zaidi, chakula hakipandi, usingizi hakuna, au umeshawaza bora usingekuwepo, hiyo si ya chai kibarazani, nenda hospitali useme hivyohivyo ulivyoniandikia. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hospitali ya karibu yako inaweza kukuandikia rufaa. Kama ni hilo la mwisho nenda leo, tena usiende peke yako.

SWALI: Anti, mimi mtu mzima wa Tanga, kila baada ya isha tupo baraza na wenzangu, bao, kahawa na kashata mpaka saa nne. Ndiyo raha yangu iliyobaki. Lakini usiku nageukageuka na asubuhi sitaki kusemeshwa na mtu, mke wangu keshachoka. Niache baraza?

JIBU: Shkamoo mzee wangu. Baraza usiliache hata siku moja! Kinachokugeuza kitandani naona ni kahawa, nguvu yake inachukua kama saa tano hivi kupungua nusu tu, na wengine zaidi, kwaiyo cha saa tatu usiku saa nane bado kinakuchezea bao kichwani. Hamishia vikombe vyako baada ya swala ya adhuhuri, usiku agiza chai ya tangawizi isiyo na majani. Watakutania wiki ya kwanza. Kashata endelea nayo kama sukari haikusumbui, na mama mpelekee mbili.