Gari la kulala, lifike wapi?

SWALI: Bwana Mhariri, sisi ni marafiki watano tunaoishi Kampala: Waganda watatu, Mkenya mmoja na Mjerumani mmoja. Tumepata gari la kulala, refu, lenye vitanda, jiko na choo, nasi tunakusudia kuzunguka nalo magharibi mwa nchi mwezi wa Aprili ili tuone wanyama, gorila wa msitu wa Bwindi na mambo ya utamaduni bila kulala hotelini. Je, inawezekana, na gharama tuzigawane vipi?
Msomaji, Ntinda

JIBU: Inawezekana, ndugu msomaji, lakini si Aprili, na gari hilo lisifike Bwindi. Barabara kuu ya kutoka Kampala kupitia Masaka na Mbarara hadi Kabale ni ya lami, na gari lenu litaimudu bila shida. Mtavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, mtanunua mchomo, yaani nyama ya kuchoma, Lukaya kama wafanyavyo wasafiri wote, kisha mtaingia Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu miongoni mwa pundamilia akiongozwa na askari wa wanyamapori. Karibu na Mbarara, kandokando ya barabara hiyohiyo, kipo kituo cha utamaduni cha Igongo chenye makumbusho ya maisha ya Ankole.

Kutoka Mbarara pindeni kuelekea Ishaka na Katunguru, mwingie Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Watu wengi huenda huko kwa ajili ya simba na safari ya mashua kwenye mlango wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na sina neno na hilo. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua, ningeacha simba wa siku moja ili nishinde Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Huko wanaume huingia majini kuvunja mwamba wa chumvi, na wanawake hukusanya chumvi katika vijaruba vya kando ya ziwa vilivyotengwa kwa kingo za matope na miti, ambavyo familia hurithishana. Kazi hiyo hutegemea jua, kwa kuwa chumvi hujitenga maji yanapokauka. Mkienda wakati wa masika mtaona maji tu. Mwombeni mwenyeji awaongoze, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

Mvua hiyohiyo ndiyo inayonifanya niikatae Bwindi kwa gari refu. Njia za kufikia msitu huo zina miinuko mikali, kona nyembamba na udongo unaoteleza, na matembezi ya kwenda kuwaona gorila huanza asubuhi, kwa hiyo atakayekwama kwenye tope huenda akaikosa siku yake. Endeni kati ya Juni na Agosti, au baada ya Krismasi hadi Februari. Liacheni gari Kabale kwenye ua wenye mlinzi, mkodi gari la magurudumu manne yanayovuta yote, na mkubali kulala usiku mmoja au miwili katika nyumba za wageni zilizo ukingoni mwa msitu.

Vibali vya gorila vikateni mapema kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwa sababu kila kundi la gorila hupokea wageni wasiozidi 8 kwa siku. Hapa ndipo urafiki hujaribiwa: mgeni asiye mkazi hulipa dola 800, ilhali raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiasi kilicho chini mno. Mjerumani wenu akiwa na hati ya ukazi atapata bei ya mkazi, basi asiisahau nyumbani. Kwa maoni yangu, kila mtu ajilipie kibali chake na kiingilio chake cha hifadhi, kisha mafuta, ushuru wa gari, kambi na chakula vilipwe kutoka mfuko mmoja mtakaouchangia sawasawa kabla ya kuondoka, ukiwa mikononi mwa mtu mmoja anayeandika kila shilingi. Dereva asamehewe sehemu ya mchango.

Kuhusu choo cha gari, msitegemee kupata njiani mahali maalumu pa kukimwagia. Tumieni vyoo vya kambi na vituo vya mafuta, na hicho chenu kiwe cha dharura ya usiku, hasa kwenye kambi ya Mweya, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako viboko hutoka majini kula nyasi karibu na mahema.